Mushumaa Usiopulizwa

Jumamosi, katika duka moja la mutaa wa Birere, niliwasha mushumaa wa ubatizo wa mutoto wangu kuujaribu, kisha nikataka kuupuliza. Muzee mwenye duka, Muhindi wa dini ya kale ya Uajemi, akapaza sauti: "Mama, hapana! Pumzi inachafua moto!" Akaufunika kwa kikombe.

Nikamuuliza: "Padri akijua nimenunua kwa mwabudu moto, si atakataa kumubatiza mutoto?"

"Hatuabudu moto, mama. Shetani, malaika, ufufuko, hukumu, wazee wetu walihubiri hayo zamani. Wayahudi wakasikia, kisha ninyi."

"Na sisi Waislamu?" akauliza muteja mumoja.

"Ninyi pia, papa."

"Kumbe padri wangu ni mujukuu wako!" nikasema, tukacheka wote mpaka mutoto akaamka mugongoni.

Jumapili alibatizwa, mushumaa ukiwaka vizuri sana. Nimewaambia ninyi wasomaji tu. Naapa, mutu mwingine simwambii.