Mpira wa Matambara na Hesabu za Saba

Wakati wa vita chaki ilikuwa adimu, nami nikifundisha hesabu katika shule ndogo ya misheni huko Changamwe. Asubuhi moja nikawatoa wasichana wangu uwanjani. Sita nikawasimamisha duara, kila mmoja na namba yake, moja hadi sita. Wa kwanza nikampa mpira wa matambara.

"Zidisha namba yako kwa mbili," nikawaambia. "Jibu likipita saba, toa saba. Kinachobaki ndiyo namba ya wa kumrushia."

Moja akamrushia Mbili, Mbili akamrushia Nne. Nne akapiga hesabu: nane, toa saba, moja. Mpira ukarudi kwa Moja, ukawa unazunguka kwa hao watatu tu.

"Mwalimu, na sisi je?" akalalamika Tatu.

Kelele zilimtoa mwalimu wa darasa la pili, kijana mgeni kutoka Rabai. Nilidhani amekuja kugomba.

"Samahani, Bibi Mwalimu," akasema, "hebu aanze huyu binti."

Tatu akamrushia Sita, Sita akamrushia Tano, Tano akamrudishia Tatu. Kumbe nao walikuwa na mzunguko wao!

"Sasa zidisheni kwa tatu," nikasema, "mtoe saba hata mara mbili ikibidi." Safari hii mpira ulimfikia kila mmoja kabla ya kurudi kwa Moja. Wasichana wakapiga vigelegele, nami nikajiunga nao.

Mapumziko yalipofika, yule kijana akachuchumaa upenuni, akaandika mchangani.

"Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa yenyewe tena, ukatoa saba zote, hubaki moja?"

Nikazijaribu zote. "Moja, mbili na nne. Wale wale!"

"Basi, tukiiita namba hiyo x, kwa hesabu hii ya saba x³ − 1 lazima ipasuke iwe mabano matatu." Akaandika (x − 1)(x − 2)(x − 4), akanipa kijiti. "Fungua wewe."

Nikapata x³ − 7x² + 14x − 8. Nikaanza kutupa saba: ile saba ya x² ikafutika, kumi na nne ikafutika, nane ikawa moja. Ikabaki x³ − 1, safi kabisa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akawa ananitazama mimi, si hesabu.

Miezi michache baadaye alikuja nyumbani na shangazi yake kuniposa.

"Mmejuana vipi?" baba akamwuliza.

"Kwa kuzidisha na kutoa, baba."

Baba alicheka, akamwita mama alete chai. Baada ya Pasaka tulifunga ndoa, na ngoma ililia siku nzima.