Baiskeli ya Kushukia Mtoni

Mteremko unaoanzia nyuma ya boma letu, upande wa Mikinduri, niliuogopa tangu utotoni, na ninauogopa leo nikiwa mtu mzima mwenye diploma. Ni barabara ya udongo mwekundu inayoshuka katikati ya mashamba ya miraa, inakata kona mbili, kisha inaishia ghafla kwenye daraja la mbao lisilo na kingo. Chini ya daraja ni mawe, na maji hayakauki hata kiangazi. Nikiwa shule ya msingi, jirani yetu alishuka pale na mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli. Breki yake ilikuwa kandambili, aliyoibana kwenye tairi kwa kisigino. Tulisikia mbao zikigongwa, halafu hatukusikia kitu. Mama alitufungia ndani ili tusione wanaume wakipanda naye.

Kwa hivyo dada yangu mdogo aliponipigia simu akasema amepata kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto wachanga, ng'ambo ya mto, na kwamba sasa anahitaji baiskeli, sikufurahi kama nilivyopaswa. Niliziona zile mbao.

Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba amempigia mtu anayefaa, na hilo lilikuwa kweli.

Mimi naijua baiskeli. Niliondoka nyumbani na begi moja, nikaenda Arabuni, nikaanza kwa kubeba maboksi ghalani. Ndani ya maboksi kulikuwa na baiskeli. Wenzangu walipolala mchana wa joto, mimi nilisoma jinsi zinavyounganishwa, mpaka msimamizi akaninyang'anya maboksi akanipa spana. Jioni nilisomea diploma ya ufundi wa mitambo na kujilipia karo kwa jasho langu, bila mjomba wa kunishika mkono. Leo cheti hicho kimetundikwa katika duka langu pale Kiritiri, mahali ambapo mteja hawezi kuinua macho asikione. Sioni haya kusema hivyo. Wengi hurudi kutoka Arabuni na televisheni kubwa. Mimi nilirudi na mikono inayojua kazi.

Kule Kiritiri, katika nchi kavu ya Mbeere, watu hawaniulizi habari za breki. Ardhi yao ni tambarare, jua ni kali, na adui wa baiskeli ni mwiba na mchanga. Mtu wa kubeba mitungi ya maji au gunia la makaa nampa fremu nzito ya chuma, tairi nene na keria iliyochomelewa. Anaondoka akicheka. Lakini baiskeli hiyo hiyo ukiipeleka Mikinduri umempa mtu jeneza lenye pedali. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomuuliza mteja si rangi anayoipenda. Namuuliza utapita wapi, utabeba nini, na utavaa nini.

Dada yangu angepita kwenye ule mteremko, asubuhi na ukungu, jioni na matope. Angebeba mizani ya kupimia watoto. Angevaa sketi, na juu yake leso, kama mwanamke yeyote wa kwetu anayeingia boma la watu. Nikamtafutia fremu iliyoinama katikati ili asiinue mguu juu kama askari. Nikafunika cheni yote kwa bati, na pembeni ya gurudumu la nyuma nikaweka wavu, kwa sababu leso ikishikwa na spoki humvuta mwenyewe chini kabla hajaita mama. Nikampimia kiti, goti likunjike kidogo pedali ikiwa chini. Nikaweka gia ndogo za kupandia. Kisha nikafika kwenye breki, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko kwenye vitu vingine vyote.

Breki za kawaida hubana ukingo wa gurudumu. Zikilowa na kujaa matope mekundu, huteleza. Nikaziacha. Nikaweka breki za diski, zile ambazo katikati ya gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma, na vipande viwili vidogo huibana kama vidole. Matope hayafiki pale kwa urahisi. Niliizungusha dukani, nikaibana, nikaizungusha tena. Nilishuka nayo mwenyewe hadi kona ya kwanza jioni niliyoifikisha nyumbani, na mikono yangu ilikuwa imelowa jasho ingawa breki zilishika vizuri kabisa.

Mama aliizunguka baiskeli ile mikono ikiwa mgongoni, kama anayekagua ng'ombe sokoni. Dada yangu alikuwa akinidhihaki. Alisema hata kijiko nikinunua nitakiwekea gia. Vijana wa boda boda waliokuwa wamesimama kwenye lango walisema daktari, yaani dada yangu, amenunuliwa pikipiki isiyokunywa petroli, na wakataka kujua kama nayo inabeba abiria. Mimi sikuwajali. Nilichuchumaa, nikamwonyesha mama ile sahani.

"Ukitaka kujua kama binti yako atarudi jioni, mama, angalia hapa," nikamwambia. "Maisha yake yako hapa."

Mama aliinama akaitazama sahani ile kwa makini sana.

Kilichobaki kilikuwa kengele. Niliyokuwa nimeleta ilikuwa ndogo, ya kisasa. Mama aliijaribu akasema haiwezi kuamsha hata kifaranga. Alisema kweli, maana kwenye zile kona mtu hukutana na punda na pikipiki zilizobeba miraa zikikimbizana na soko. Asubuhi iliyofuata nikatoka mapema kwenda Meru mjini, Gakoromone, nikijua kwamba pembeni mwa soko kuna wauza vipuri wenye zile kengele kubwa za zamani, za kulia kriiing mpaka ng'ambo. Dada yangu angeanza kazi siku hiyo. Sikuona sababu ya kumzuia. Nilikuwa nimekagua kila skrubu.

Kwetu, kitu kipya chenye magurudumu hakianzi kazi kabla ya kuombewa. Gari, pikipiki, hata mkokoteni. Nilijua baiskeli ingeombewa, lakini nilidhani ni Jumapili, baada ya ibada, nami nikiwepo. Asubuhi ile pasta alipita kwenye boma letu akielekea mazishini, na mama akamkimbilia barabarani.

Nilikuwa nimesimama kati ya mafungu ya kabichi, kengele mkononi, simu ilipolia. Mama huniita baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Sauti yake ilikuwa na furaha kama ya siku ya harusi.

"Baba, tumeshaiombea. Pasta ametia mafuta magurudumu yote mawili."

Nilimwuliza ametia wapi hasa.

"Kwa ile sahani. Si ulisema maisha yake yako hapo? Nikamwambia pasta hapo asiharakishe. Amepaka mpaka ikang'aa."

Mafuta kwenye sahani ile ni sawa na kuondoa breki kabisa. Vile vipande vinavyobana huyanywa mafuta, na baada ya hapo unaweza kubana hadi vidole vivunjike. Ile ndiyo sehemu moja tu ya baiskeli nzima ambayo haitakiwi kuguswa na tone la mafuta, na ndiyo niliyoionyesha kwa kidole.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Ametoka sasa hivi."

"Mama, mwite. Paza sauti. Mwambie ashuke kwa miguu."

Mama hakuuliza kwa nini. Nadhani alisikia kitu katika sauti yangu. Hakukata simu, na nikamsikia akiita, ile sauti ndefu ya mwanamke wa mlimani inayovuka bonde. Asubuhi wachuma miraa huwa juu ya miti, mteremko mzima. Nikasikia mwanamume akilipokea lile neno na kulitupa chini. Mwingine akalipokea, mbali zaidi. Halafu mwingine, sauti nyembamba kama ya mbuzi aliyepotea. "Ashuke! Atembee!" Kisha kimya. Nilisikia kuku wa mama. Nilisikia pumzi yake.

Mwenye kabichi aliniuliza nimefiwa na nani. Nilikuwa nikihesabu kwa kichwa: lango, mkuyu wa njiani, kona ya kwanza. Nilijua baiskeli ile imefika mwendo gani pale, kwa sababu mimi ndiye niliyezipaka grisi beringi zake ili iteleze bila kuchoka. Kila kitu nilichokifanya kwa ustadi kilikuwa sasa kinamsukuma kwenda mtoni.

Nilisikia ndala za mama zikikimbia, halafu simu ikakatika. Nilipopiga tena, sauti ya mtandao ikaniambia mteja hapatikani. Simu ya dada yangu ililia bila kushikwa. Nilikodi gari, na njia nzima sikumwambia dereva neno zaidi ya kumwambia aongeze. Nilijaribu kuomba, lakini kila nilipofumba macho niliona sahani inang'aa.

Waliokuwa wamesimama barabarani walikuwa wengi, na wengi barabarani mlimani si dalili njema. Niliteremka kabla gari halijasimama. Watu walinipisha bila kuniangalia usoni, na hapo nikaamini amekufa.

Alikuwa amekaa ukingoni, kwenye nyasi za nepia, helmeti niliyomnunulia bado kichwani, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia. Mkono ulikuwa umepinda mahali usipopaswa kupinda. Mama alikuwa amemkalisha kati ya miguu yake kama mtoto anayesukwa nywele.

"Nilibana, kaka," dada yangu aliniambia. "Nilibana kama nakamua ng'ombe."

Alikuwa ameshapita kona ya kwanza bila kugusa breki. Wachuma miraa walipopiga kelele juu yake alidhani wanamtania, kisha akasikia neno atembee, akabana, na baiskeli haikumsikia. Ukelele ule ndio uliomfanya ajaribu breki kabla ya kona ya pili, wakati bado kulikuwa na shamba la nepia upande wa mlima. Akajitupa humo na baiskeli yake yote. Mizani ilichomoka kwenye keria ikaendelea na safari. Ilichora mstari kwenye udongo, ikachukua kona vibaya, ikaruka daraja. Tulitembea na wanaume wengine mpaka pale, tukaitazama ikiwa imepasuka juu ya mawe. Kila mmoja wetu alijua ni nani angekuwa ameifuata.

Hospitalini alifungwa plasta. Mama alikaa kwenye benchi akiangalia viganja vyake. Hatimaye aliniuliza, polepole, kama ni yale mafuta. Ningeweza kumwambia ni waya uliokatika; mtu mwenye diploma akisema ni waya, ni waya. Lakini mama angeendelea kuombea vitu, na kesho ingekuwa baiskeli ya mtu mwingine. Nikamwambia ndiyo. Aliinama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa magoti. Sikuwahi kumwona mama amekuwa mdogo kiasi kile.

Pasta alikuja siku iliyofuata, vumbi la safari bado kwenye viatu. Nilimweleza nje, karibu na zizi, nikimwonyesha kila kipande. Alinisikiliza hadi mwisho akiufuta mkono wake wa kulia kwenye koti, akaufuta tena, kana kwamba mafuta bado yapo.

"Basi utuonyeshe pa kuweka," akasema.

Nilitupa vile vipande vyenye mafuta, nikaweka vipya. Nikasugua sahani kwa spiriti hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nikafunga kengele kubwa ya Gakoromone. Plasta ilipotolewa, tulikusanyika tena uani, na safari hii nilikuwepo, macho wazi wakati wote wa maombi. Pasta aliweka kidole cha mafuta juu ya shina la usukani, mbali na magurudumu. Mama alikuwa amesimama kati yake na sahani, mikono ameitandaza kidogo, kama anayemzuia ndama asiingie shambani.

Kisha nikaipanda mimi kwanza. Nilisema nataka kuwaonyesha vijana wa boda boda jinsi fundi anavyoshuka, nao wakaniambia niache urithi wangu kwa maandishi. Nilibana kabla ya mkuyu, nikabana kwenye kona ya kwanza, nikabana mahali nepia ilipokuwa bado imelala. Ilishika kila mara, na kila mara sikuiamini. Nilisimama katikati ya daraja, nikaangalia mawe, nikapiga kengele kwa nguvu. Juu kule, mdogo kama punje ya njugu, nikamwona mama akiondoa mkono mdomoni.

Dada yangu hushuka kila siku ya kazi sasa. Nimerudi Kiritiri, kwenye miba na mchanga wangu, na duka linaenda vizuri kuliko yote ya mji ule. Lakini sifungui mlango asubuhi kabla ya kumpigia mama. Dada akifika darajani hupiga ile kengele, na mama hamimini chai mpaka aisikie. Siku za mvua kubwa mto hunguruma, na kengele huchelewa kufika juu. Siku hizo tunakaa kwenye simu, mimi na mama, bila kuzungumza.

"Umeisikia?" namuuliza.

"Bado, baba."

Nangoja na funguo mkononi.

"Sasa nimeisikia."

Ndipo nafungua.