Njahi Moja Kati ya Maharage Sita

Mpaka leo Ijumaa hunikuta nimesimama. Wenzangu niliokaa nao Doha walijua kuitumia siku ya mapumziko: walilala mpaka mikunjo ya mto ikabaki shavuni. Mimi huamka mapema, nafua, nashuka ngazi, napanda tena, nafungua friji bila kutaka kitu. Mke wangu anasema nina upepo miguuni. Sina upepo. Nina Ijumaa niliyoipata kwa mgongo wa mtu mwingine, na sijaweza kuilalia.

Nilikuwa mlinzi, zamu ya usiku, kwenye lango la nyumba za wageni wenye kazi nzuri huko Muaither. Asubuhi moja familia mojawapo ilihama, ikaacha sanduku la vitabu kando ya pipa la taka. Nikachukua kimoja kilichong'oka jalada, cha historia ya Ugiriki na Roma ya kale. Sikukichagua kwa hekima. Kilikuwa kinene kuliko vyote, na zamu zangu zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu Tanga muhula mmoja kabla ya kumaliza, jambo lililonikera kila nilipofunga vifungo vya sare, kwa hiyo nilikisoma kile kitabu kwa hasira, kama mtu anayetafuta ugomvi.

Tulikuwa saba katika chumba kimoja mtaa wa Najma, ghorofa ya pili, juu ya duka la Mhindi: Wakenya wanne, Mganda mmoja, Mzanzibari aliyetuzidi umri sote, na mimi. Sote tulifanya zamu ya usiku, kwa hiyo alasiri ndiyo ilikuwa asubuhi yetu. Chai ikichemka niliwasimulia nilichosoma. Wakanibandika jina la Mwalimu, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea.

Niliwaambia kwamba Athene mgeni aliyekuja kufanya kazi hakuwa raia hata akikaa miaka ishirini, na ilimlazimu kuwa na raia wa kumsimamia. Chumba kizima kikaangua kicheko, maana sisi nasi kila mmoja alikuwa na mdhamini wake.

"Kumbe kafili ni wa zamani hivyo!" alisema Mkenya aliyelala kitanda cha juu yangu. "Na hao pia walikuwa wanashikiwa pasipoti?"

"Hapakuwa na pasipoti."

"Basi walikuwa wanajienjoi, buda."

Niliwaambia na habari za Roma, jinsi makabwela walivyochoshwa na wakubwa, wakatoka mjini wakaenda kukaa kilimani, mji ukabaki bila watu wa kazi mpaka wakubwa wakakubali kwamba makabwela wawe na wasemaji wao. Msemaji wa makabwela hakuguswa. Aliyemgusa alikuwa amejitakia laana. Mganda akauliza sisi tukitoka tutakwenda kukaa wapi, jangwani kwenye jua la Julai? Tukacheka tena. Lakini habari ya mtu asiyeguswa ilibaki chumbani, na niliona wenzangu wakiendelea kuitafuna siku nzima.

Maana tulikuwa na shida. Kampuni ilikuwa imepata malindo mapya, watu hawakutosha, na mudiri aliyesimamia zamu zetu akafuta siku ya ofu. Alisema ni kwa wiki mbili tu. Ukaingia mwezi wa tatu. Ukifanya kazi siku saba kwa saba huanza kukosa hata jina la siku. Niliwahi kumbishia dereva wa basi kwamba leo ni Jumapili, na ilikuwa Jumatano. Tukaandika barua, tukatia sahihi sote saba. Mudiri akairudisha kwa mkono wa yule dereva pamoja na ujumbe kwamba yeye haongei na karatasi. Tulete mtu mmoja aseme.

Mtu mmoja. Tulijua maana yake. Mwaka uliotangulia mlinzi wa chumba cha chini alikwenda kulalamikia maji, na maji yakaja. Yeye likizo yake ikaahirishwa na kuahirishwa mpaka mama yake akazikwa bila yeye. Siku zile hukuweza kutoka nchini bila kibali cha mwajiri, sheria ilikuwa haijabadilishwa. Mudiri hakuhitaji kumfukuza mtu. Alihitaji tu kuiweka karatasi yake chini ya karatasi nyingine.

Kwa siku nne tulitazamana, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokwenda. Nzito kuliko zote ilikuwa ya yule Mkenya wa kitanda cha juu, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yangu hasa. Mkewe, huko Murang'a, alikuwa mjamzito baada ya mimba mbili kuharibika. Fomu yake ya likizo ilikuwa mezani kwa mudiri, ikingoja sahihi ili amuwahi mkewe kabla hajajifungua. Mama yake alikuwa amempa mtu aliyekuwa anarudi Doha mfuko wa njahi, zile kunde nyeusi ambazo kwao mzazi hupikiwa ili apate maziwa. "Mathe anasema nianze kuzoea harufu," alituambia, na alifurahi hivi kwamba hata mimi, nisiyependa furaha za watu kabla sijanywa chai, nilifurahi naye.

Sababu yangu mimi? Sikuwa nayo. Wakati ule sikuwa na mke, wala mgonjwa, wala likizo iliyokaribia. Kiingereza changu kiliwapita wote, na mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa na woga tu, na woga hauna fomu ya kujaza.

Siku ya tano nikapata dawa kitabuni. Athene, kazi nyingi za umma ziligawiwa kwa kura ya bahati. Watu walitia mkono chomboni, wakatoa haragwe, na rangi ya haragwe ikaamua. Hakuna kampeni, hakuna kununiana. Wenzangu wakaipenda.

"Hiyo ni haki kabisa, ssebo," alisema Mganda. "Hapo Mungu ndiye anachagua."

Sikuwasomea ukurasa uliofuata. Huko iliandikwa kwamba kura ile ilikuwa ya watu waliojitokeza wenyewe, walioitaka kazi. Iliandikwa pia kwamba uongozi wa vita, ambao ukikosewa watu wanakufa, hawakuuachia maharage. Waliinua mikono wakamchagua anayefaa. Nilijua chumba kile kikiinua mikono, itainuliwa kwangu. Nikakifunga kitabu, nikakikalia.

Nilishuka dukani nikanunua maharage meupe, yale madogo. Nilihitaji moja jeusi, lakini Mhindi alikuwa na dengu za kila rangi na haragwe jeusi hakuwa nalo. Nilipopanda na habari hiyo, rafiki yangu akafungua mfuko wake akanipa njahi moja.

"Tumia hii, Mwalimu. Lakini uirudishe, ni chakula cha mama."

Mtu aliyekulia Tanga hajui njahi. Niliona ni nyeusi, ukubwa ni ule ule, nikaridhika. Sikutambua kwamba mgongoni ina ukingo mweupe ulioinuka, kama mshono wa nguo.

Nikatia maharage sita na njahi moja kwenye birika letu kubwa la bati, nikalitikisa, nikalifunika kwa taulo ili mtu asichungulie. Mwenye mchezo aanze, wakasema. Nikapenyeza mkono chini ya taulo. Kidole cha shahada kilifika moja kwa moja kwenye ule mshono. Nikapapasa jirani yake: laini. Jingine: laini. Nikaiacha njahi ilipokuwa, nikachukua laini, nikatoa mkono na kuwaonyesha haragwe jeupe. Wakanipigia makofi.

Mzanzibari akafuata: jeupe. Wakenya watatu wakafuata: jeupe, jeupe, jeupe. Kila mmoja alikawia kidogo mle ndani, nami nikadhani ni hofu tu. Wakabaki wawili, rafiki yangu na Mganda. Sikuweza kukaa. Nilitembea kati ya vitanda nikimwomba Mungu imwangukie Mganda, mtu ambaye hakuwahi kunikosea hata kwa neno. Rafiki yangu akatia mkono. Alikaa nao mle ndani kitambo. Alipoutoa, kiganjani ilikuwa njahi.

"Imerudi kwa mwenyewe," akasema.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzanzibari aliinamia kikombe chake akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Nikajitia sikusikia. Ili kuufukuza ule ukimya nikawaeleza kwamba Athene mtu aliyeangukiwa na kazi aliulizwa maswali kabla ya kuianza: anawatendea wema wazazi wake? Anajua makaburi ya wazee wake yaliko? Wenzangu wakamuuliza kwa mzaha. Yeye akajibu kwa dhati. Kwa mama yake hupiga simu kila Jumapili, na makaburi yako nyuma ya nyumba, kando ya mibuni, akifika huko kwa likizo atatutumia picha.

Alipotaja likizo, sote tukatazama chini. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ilihitaji maneno matatu tu: acha, nitakwenda mimi. Nikachukua birika jingine, nikammiminia chai.

Alikwenda kesho yake, shati limepigwa pasi. Hata nusu saa hakumaliza. Alituambia mudiri alimkaribisha kiti, akamwagizia juisi, akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika jina lake kwenye daftari. "Poa tu," alisema. "Hata hakuinua sauti." Baada ya wiki mbili tukarudishiwa siku yetu ya ofu, na kwa bahati ikapangwa Ijumaa, sote saba. Wiki hiyo hiyo rafiki yangu akahamishiwa lindo la mchana kwenye majengo mapya ya Al Wukair, mbali na kila kitu. Likizo yake, aliambiwa, inaangaliwa.

Iliangaliwa mpaka mtoto akazaliwa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na yeye alikuwa Al Wukair, kwenye vumbi, analinda rundo la mabomba. Mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Alipata habari kwa simu, kisha akatakiwa kuongoza lori lililokuwa linarudi nyuma. Ijumaa iliyofuata akazipika njahi zake zote na kutupakulia. Chakula cha mzazi kikaliwa na walinzi saba. Nilikimaliza, maana kukiacha kungekuwa kusema kitu, na kila punje nilihisi mshono wake ulimini.

Tangu Ijumaa ile ndipo usingizi wa mapumziko ulipoanza kunikimbia. Wenzangu wakilala, nilishuka nikazunguka Najma, nikapita maduka ya simu na ya mafundi cherehani yaliyofungwa kwa ajili ya sala, nikarudi, nikatoka tena. Nilimkuta amekaa kitandani anatazama picha za mtoto, nikajifanya nimesahau kitu nje. Nilimchukia kidogo, nisifiche, kwa sababu hakulalamika. Angenitukana ningelala.

Alimwona binti yake siku alipopewa kibali hatimaye. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea, na alipomwona baba yake alimkimbia, akajificha nyuma ya bibi. Hilo alitusimulia aliporudi, akicheka. Mimi nilikwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Miaka miwili ikapita ndipo alipomaliza mkataba wake na kukataa mwingine. Asubuhi ya safari nilimkuta anapanga sanduku. Kile kitabu kilisema kwamba Athene mtu akimaliza kazi ya umma alitoa maelezo mbele ya watu, na yeyote aliyetaka angeweza kumshtaki. Sisi hatukufanya hivyo, na mwenye kesi ya kujibu hakuwa yeye. Nikasimama mlangoni.

"Ile siku ya birika," nikamwambia, "mimi niliigusa. Nikaiacha."

Aliendelea kukunja shati. "Najua."

"Unajuaje?"

"Mwalimu, njahi nimechambua na mathe tangu nikiwa mtoto. Nilipotia mkono tu nikaijua. Na wale Wakenya wenzangu watatu, wangekosa aje kuijua? Sote tuliigusa."

"Basi ulijua unachukua nini?"

"Nilijua."

"Na mtoto?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, fikiria. "Hukumfikiria mtoto?"

"Nilimfikiria sana. Lakini nyuma yangu alikuwa amebaki Mganda. Ningeiacha, yeye angekuta hiyo peke yake. Sisi wote tulichagua. Yeye hangekuwa na kitu cha kuchagua."

Akafunga zipu ya sanduku, akalisimamisha, akajaribu magurudumu. Kisha akanitazama, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Lakini nilikungoja," akasema. "Ulipokuwa unamimina chai, nilidhani unatafuta maneno."

Akanipa mkono, akashusha sanduku ngazi kwa ngazi. Sikumsaidia, nilibaki nimesimama mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, na chumbani wenzetu wote walikuwa wamelala.