Benchi Lililoshinda Zabuni

Mume wangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyekwenda wilayani kujishtaki mwenyewe kwa kushinda.

Nawasimulia kama ilivyotokea. Yeye yuko hapa pembeni ananikodolea macho, lakini nitaendelea.

Rutayisire ni seremala hapa Gashonga. Alikulia Bukavu, Kongo, akarudi Rwanda na msumeno mmoja na maneno mengi. Mwaka jana kazi zilikauka. Tukakubaliana kwamba isipopatikana kazi ya maana, anafunga karakana na kwenda Bugarama kubeba saruji. Kwa mtu anayependa kuitwa fundi, hilo lilimuuma kweli.

Ndipo wilaya ikatangaza zabuni ya mabenchi ya vituo vya afya.

Alisema hizo ni kazi za wenye watu wao. Nikamwambia ajaribu kwanza, manung'uniko yatakuja baadaye. Tukasajili biashara, tukapata cheti cha kodi, tukajaza zabuni mtandaoni kabla ya muda kufungwa. Kilichobaki ni benchi moja la sampuli, kwa vipimo vya mchoro wao, lifikishwe stoo ya wilaya Jumatatu.

Mshindani wake alikuwa jirani yetu Niyonsaba, mwanamke mwenye karakana kule chini barabarani. Rutayisire alikuwa anamcheka. Eti anapoteza muda kuchonga vigingi vya mbao wakati misumari ipo dukani.

Alhamisi, Mzee Muhigirwa akafariki.

Kwetu msiba ukitokea, kila nyumba inatoa vya kukalia. Ukificha benchi lako jirani ana kilio, itabidi ufiche na uso wako. Basi sampuli ya Rutayisire ikaenda msibani, na ya Niyonsaba ikaenda. Mchoro mmoja, mbao zilezile za mkaratusi, vanishi ya duka moja.

Jumapili watu walipokuwa wanatawanyika, mvua ikaanza, na kila mtu akakimbilia benchi lake. Mume wangu akanyakua benchi na kulitia begani. Nikamwambia aligeuze kwanza alitazame. Akanijibu kwa jina la mtoto wetu, kama kawaida yake:

"Maman Mucyo, benchi yangu mi naijua hata banifunge macho."

Hakuna aliyemfunga. Macho yalikuwa wazi yote mawili.

Matokeo ya awali yalipotoka, alikuwa ameshinda. Aliimba nyumba nzima. Majirani wakaanza kumwita Patron, yaani bosi, naye akawa anaitika.

Kisha akasoma maelezo ya kamati ya zabuni. Benchi lake limesifiwa kwa kuunganishwa kwa vigingi, bila msumari hata mmoja. La Niyonsaba limekataliwa kwa sababu linayumba.

Akakaa chini polepole.

"Lakini miye natumiaka misumari," akasema.

Nikacheka. Nilipomwona uso, nikaacha. Alikuwa anawaza saruji ya Bugarama. Akasema hakuna anayejua, na kuchonga vigingi anaweza kujifunza haraka tu. Nikamuuliza kama msiba ujao ataweza kukaa karibu na Niyonsaba. Asubuhi akavaa shati lake la Misa, akaondoka.

Siku za kupinga matokeo zilikuwa hazijaisha. Karani wa wilaya akamuuliza analalamika dhidi ya nani.

"Juu yangu miye mwenyewe."

Karani aliuliza tena, akidhani hajasikia vizuri.

Kamati ikawaita washindani wote, ikarudisha kila benchi kwa mwenyewe mbele yao, ikapima upya. La vigingi halikutikisika. La mume wangu lilicheza hata kabla mtu hajalikalia vizuri. Zabuni ikaenda kwa Niyonsaba.

Siku hiyo nilikwenda naye, na nililia njia nzima ya kurudi. Yeye hakulia, ila aliponiona nafuta machozi alinishika mkono, jambo ambalo hajazoea kulifanya barabarani.

Kesho yake alikwenda kumwomba Niyonsaba radhi, nami nikamsindikiza. Tulikuta karakana ina meza mbili za kazi. Moja ilikuwa mpya kabisa, haina hata mkwaruzo.

Rutayisire akaanza hotuba yake. Niyonsaba akamkatiza.

"Papa Mucyo, nilijua tangu siku ya matokeo. Miye najua kama benchi yangu haiyumbake. Nikasema, ngoja nione. Akikuya kusema ukweli yeye mwenyewe, hii kazi tunaifanya babili. Asipokuya, nitaenda miye wilayani."

Nikamuuliza hiyo meza mpya ni ya nani.

"Ni yake. Niliianza siku ileile."

Mume wangu akageukia ukutani, akajifanya anakagua mbao. Nilimwacha azikague.

Siku hizi anachonga vigingi kuanzia asubuhi, na ukimtajia misumari anakasirika.

Funzo ni hili. Ukitaka kuiuzia wilaya, sajili biashara, lipa kodi, wahi muda. Na sampuli igeuze uione chini kabla ya kuipeleka, hata kama mume wako anajua kila kitu.

Lile benchi lake la misumari tunalo bado, sebuleni. Wageni wasiojua kuaga tunawakalisha pale.