Mama Mkasi huita kabla ya kuchana

Saa moja asubuhi. Mama Mkasi anafungua gunia la nguo kuukuu, anaingiza uso mdomoni mwa gunia na kuita, "Hohehahe! Una mwenyewe?"

Anasubiri. Gunia nalo kimya. Ndipo anaketi na kuanza kazi: vifungo kwenye kopo, zipu kwenye ndoo, kitambaa kinachanwa vipande vya kuuzia gereji kwa kilo. Kipato? "Cha kula kipo. Kunenepa bado ni mipango," anasema, akicheka.

Fundi wa gereji ya jirani, mteja wake, amesimama mlangoni.

"Mama, bado tu unaongea na matambara?"

"Afadhali yenyewe yananisikiliza. Na hiyo suruali yako nimeshaiwekea oda. Ikikushinda, ilete."

Mtaani humwita Hohehahe yeye mwenyewe, kwa ajili ya gauni lake lililochoka. Hakasiriki, huwasahihisha tu. Neno hilo kalirithi kwa bibi yake, na anaona siku hizi linabandikwa kwa yeyote aliyechanikiwa nguo.

"Huyo ana mararu, basi. Hohehahe ni yule ambaye akipotea jioni, asubuhi hakuna anayeuliza yuko wapi. Hata akiwa na suti."

Bibi, aliyeifanya kazi hii kabla yake, alimkanya asichane nguo ya mtu kama huyo kimyakimya. Aulizwe kwanza, maana pengine hajawahi kuulizwa.

Mama Mkasi aliyachukulia kama maneno ya kizee, mpaka mdogo wake alipoondoka kutafuta kibarua na asirudi. Aliondoka na koti la kijivu, kiwiko cha kulia kina kiraka cha pazia la bluu alichomshonea yeye mwenyewe. Tangu hapo kila gunia hulifungua roho mkononi.

Leo mkono unagota katikati ya gunia. Linachomoza koti la kijivu. Kiwiko cha kulia, bluu.

Fundi analishika amsaidie kulivuta, mara analiachia kama aliyegusa injini.

"Mama! Mbona lina joto?"

Gunia limekaa stoo wiki nzima, mdomo umeshonwa, juu ya saruji baridi. Lakini kola ina jasho, kama imetoka shingoni sasa hivi.

"Lichane upesi," fundi ananong'ona. "Au lichome."

"Nyamaza, mwanangu. Hebu nione."

Anapapasa kiraka. Juu ya ile bluu kuna kingine kidogo, cha maua mekundu, mishono yake midogo, imebanana. Uzi haujapauka.

"Mimi hushona kwa papara," anasema taratibu. "Huyu ana subira. Kuna mtu alimkalisha chini akamwambia, vua hilo nikushonee."

Anaita tena, sauti ya chini, safari hii kwa jina la mdogo wake. Kwenye lundo la matambara, kipande kimoja kinajigeuza upande. Upepo hakuna. Fundi anatoka mbio, matambara yake kayasahau.

Jioni koti linaning'inia msumarini nje ya mlango, kiwiko kikitazama barabara. Halitachanwa. Mama Mkasi anataka aliyeshona yale maua apite, alitambue, amwambie habari hata kama ni mbaya.

"Aje tu. Tukiwa wawili tunaomuulizia, mdogo wangu si hohehahe."

Anaigusa kola kabla ya kuingia ndani. Bado ina joto. Mlango anauacha wazi.