Sala Ndefu Nyumbani kwa Mama Tabu

Siku moja siisahau, mwanangu, na huijia akili yangu kila nikuonapo umeshika kipaza sauti mbele ya akina mama wenzako. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mitumba imejaa soko la Majengo na kila redio ya kaseti ina mhubiri wake. Mimi nilikuwa na kaseti moja tu. Niliisikiliza nikipika, nikifua, mpaka nikaweza kuomba kama yule mhubiri, hata kukwaruza koo kwake nikakuweza. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Maombi. Nami, Mungu anisamehe, nililipenda jina hilo kuliko nilivyopenda kuomba. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi mwenzetu mmoja, Mama Tabu wa Nkuhungu, akaugua malaria. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazini, amekwenda Kondoa kutafuta kibarua. Tukaenda kumwona, akina mama wanne, tukiongozwa na mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama wa kanisa, Bibi Yudithi, mama wa Kigogo asiye na maneno mengi. Tulibeba kikapu cha unga wa uwele na chupa ya uji; kikapu tukakiweka mlangoni, tukammiminia mgonjwa uji wa moto kwenye bakuli.

Bibi Yudithi akaniambia niombe kwa kifupi, mgonjwa apate kunywa. Hilo la kifupi halikuniingia. Nikafumba macho, nikaanzia uumbaji. Nilikuwa nimefika kwa Nuhu niliposikia mgonjwa akisema kwa sauti dhaifu, "Mbuzi."

Nikajua Roho ameshuka. "Ndiyo, Bwana," nikapaza sauti, "watenge kondoo na mbuzi!"

"Mbuzi," akarudia Mama Tabu.

"Mbuzi wakae kushoto, Bwana!"

Mwenzangu wa kando akaanza kutetemeka. Nikadhani ameguswa, kumbe anacheka. Nilipofumbua macho, beberu la jirani lilikuwa limeingiza kichwa chote kikapuni, linazunguka nacho chumbani, unga umetanda kama vumbi la kiangazi. Mgonjwa wetu ameshuka kitandani, anayumba, analifukuza kwa khanga yake. Bibi Yudithi ameshalishika pembe. Uji umepoa, umefanya utando.

Tulipotoka, Bibi Yudithi akanivuta kando. Nilitarajia kukaripiwa. Akaniambia taratibu, "Binti yangu, Mungu alikusikia tangu ulipotaja jina lake. Mama Tabu ndiye ambaye wewe hukumsikia."

Kesho yake akanituma huko peke yangu, na ndoo. Nikapanga foleni bombani, nikafua mashuka. Tulipokuwa tukiongea pale uani, Mama Tabu akanieleza kwamba kabla hatujaja alikuwa amekaa siku mbili bila kuwasha jiko, kwa kuwa unga ulikwisha, na aliona haya kusema mbele ya watu wa kanisani. "Kila anayeingia kwangu," alisema, "anaingia na kufumba macho."

Mwanangu, nililia machozi yakaingia kwenye beseni la nguo.

Nilikwenda siku nne. Siku ya nne, homa imemwacha, akaniomba nisali. Nikasema, "Bwana, tunashukuru. Amina." Akangoja kidogo, akafumbua jicho moja, akauliza kama nimeishiwa. Tulicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo akawa dada yangu, na mimi ndipo nilipoanza kujifunza kuomba.

Kwa hiyo nakuambia, omba, tena omba sana, lakini ukiingia nyumba ya mgonjwa tazama kwanza kama jiko lina moto. Muulize amekula nini. Mwenzako akisema neno katikati ya sala yako, nyamaza umsikilize, hata kama umefika mahali patamu. Umoja wetu haukui kwa sauti ya mtu mmoja. Unakua tukijuana njaa na aibu zetu bila kusimangana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wewe uwe huyo.

Mungu akupe sikio kabla ya sauti, mwanangu. Akuzungushie wanawake watakaokurudi kwa upole ukikosea, na kila mlangoni utakapobisha hodi, wenyewe wafurahi kusikia ni wewe.