Libanga katika wimbo wa papa

Bandugu, leo nimelia juu ya wimbo, kisha nikatamani kuvunja spika.

Rafiki yetu wa Kolwezi, ule amekuwa vedette, mwimbaji wa sifa, alituita Porte de Namur, mutaa yetu huku ng'ambo, kusikiliza albamu yake mupya. Rock ya gitaa, nyimbo za bafanyakazi wa mugodi.

Wimbo mumoja ni wa papa yangu. Mugodi ulimuangukia, akafia mule. Ile habari mimi njo nilimuelezea.

Bon, munajua libanga: banamuziki yetu banatupa jina la mutu katikati ya wimbo, kumusifu. Nikangojea jina la papa, machozi iko tayari.

Akatupa jina la patron, mwenye ule ule mugodi!

Batu bakapiga makofi.

Nikamufuata: "Na papa?"

"Yaya, mukubwa wangu, papa yako alilipa studio?"

Sasa niambieni: papa hakulipa?